DX7 inawaka, majina ya toni yamegeuka herufi za ajabu, sauti hakuna: usiuze, bonyeza VOICE INIT kwanza

Swali kutoka Moshi: "Shikamoo fundi. Nina kinanda cha Yamaha DX7 ile ya kwanza ya kahawia, kilikuwa cha mjomba wangu, alikipigia bendi ya dansi enzi zake, mimi nakitumia kwaya. Kilikaa stoo masika yote. Juzi nimekiwasha, kinawaka, namba nyekundu inaonekana, lakini kwenye kioo majina ya toni yamekuwa herufi za ajabu ajabu na sauti hakuna kabisa. Fundi mmoja amekiangalia bila kukifungua akasema bodi imekufa, nimuuzie atoe spea. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa usiuze. Sisemi bodi yako lazima iko salama, inawezekana ina shida, ila mtu aliyesema bodi imekufa wakati hajalegeza hata skurubu moja hiyo bodi hajaiona, na DX7 ambayo bodi yake imekufa kweli kweli kwa kawaida haikuletei herufi, inakuletea kioo kitupu au mstari wa viboksi vyeusi basi. Yako inaandika. Inaandika takataka lakini inaandika, maana yake kompyuta ya ndani imeamka, imesoma kumbukumbu yake na inakuonyesha ilichokuta humo. Hiyo ni habari njema sana na ndiyo sababu nimeamua nikujibu kwa urefu, maana najua kuna DX7 nyingi zimelala kwenye stoo za makanisa na nyumba za wanamuziki huku kwetu kwa sababu hiyo hiyo moja, na zingine zimeshachinjwa spea zikiwa nzima.

Ngoja nikueleze kwanza kinanda hiki kinapiga vipi, maana ukielewa hapo hutadanganywa na mtu. DX7 ilitoka 1983, na inatengeneza sauti kwa njia inaitwa FM ambayo John Chowning aliigundua pale chuo kikuu cha Stanford Marekani mwaka 1967, halafu Yamaha wakainunua haki yake wakakaa nayo miaka wanaifanyia kazi mpaka ikaingia kwenye kinanda cha kubebeka. Ndani hakuna sauti iliyorekodiwa hata moja. Hakuna piano humo, hakuna tarumbeta, kuna operata 6 ambazo ni mawimbi ya kawaida kabisa yanayohesabiwa na chipu, na kila toni ni orodha tu ya namba zinazosema operata ipi imtingishe nani, kwa nguvu kiasi gani, ianze haraka au polepole, iishe lini. Zipo njia 32 za kuzipanga hizo operata, na kumbukumbu ya ndani inabeba toni 32. Ile piano ya umeme ya miaka ya themanini uliyoisikia kwenye nyimbo kibao, ni namba tu.

Sasa hizo namba zinakaa kwenye kumbukumbu ambayo umeme ukizimwa inashikiliwa na betri ndogo ya duara ya volti 3 iliyolehemewa kwenye bodi kuu kiwandani. Betri ya namna hiyo inaishi miaka mingi, nimezikuta zingine zinadai bado zipo baada ya miaka mingi mno, lakini hazidumu milele na kinanda chako kina umri wa miaka arobaini. Siku betri inapoisha, ukizima kinanda namba zinapotea na ukiwasha kumbukumbu inajaza vitu ovyo ovyo, majina yanakuwa herufi za ajabu, na kama kwa bahati mbaya kwenye hizo namba za ovyo operata zinazotoa sauti zimeangukia sifuri basi unabonyeza toni ya 1, ya 2, ya 10, kimya. Kinanda ni kizima, hakina tu cha kupiga. Kwa hiyo masika hayakukiua na stoo haikukiua, betri imefika mwisho wake na ingefika hata ungekiweka sebuleni.

Hiyo ndiyo dhana yangu ya kwanza, ila dhana ni dhana, tuithibitishe kabla hujashika bisibisi, na uthibitisho wake hauhitaji hata kufungua kinanda.

Anza na vya nje, usiviruke hata kama unaviona vya kitoto. Chomeka hedifoni kwenye tundu lake, slaida ya volyumu ipandishe mpaka juu halafu ishushe na kuipandisha mara kadhaa, maana vumbi la huku likiingia pale slaida inaweza kukata sauti kabisa ukiiacha sehemu moja na ikarudi ukiisogeza kidogo. Chomoa pedali zote nyuma, hasa ya volyumu, pedali ya volyumu iliyosahaulika imerudishwa nyuma mpaka mwisho imeshawapeleka watu wengi kwa fundi bure. Kama hedifoni zinalia na spika hazilii basi shida yako ni kebo, au jeki ya kutokea sauti, au tundu la miksa, na tumemaliza nusu ya kazi. Kebo ibadilishe kabisa, usiiamini eti kwa sababu jana ililia kwenye gitaa.

Halafu kuna kitu kimoja ambacho kinawapata sana watoto wa kwaya wanaobonyeza bonyeza. Ukiwa kwenye EDIT, vitufe namba 1 mpaka 6 vinazima na kuwasha operata moja moja, na kwenye kioo unaona namba 111111. Kila ulipoona sifuri ujue operata hiyo imezimwa. Zikizimwa zile zinazotoa sauti kinanda kinakuwa bubu hapo hapo kwenye toni hiyo, na dawa yake ni kubonyeza kitufe kile kile irudi 1, au kuchagua toni nyingine na kurudi. Kwako sidhani ndiyo yenyewe kwa sababu majina yameharibika, ila angalia.

Sasa ndio tunafika pale ninapopataka. Bonyeza FUNCTION, halafu bonyeza kitufe namba 10. Kioo kitakuuliza VOICE INIT, wewe bonyeza YES, kitakuuliza tena kama una uhakika, bonyeza YES tena. Hapo kinanda kinaachana na zile takataka za kwenye kumbukumbu na kinajitengenezea toni moja ya kuanzia, rahisi kuliko zote, operata moja tu inalia, na hii toni haichukuliwi kwenye ile kumbukumbu ya betri, inatoka kwenye programu yenyewe ya kinanda ambayo haifutiki. Na usiogope, hatua hii haifuti toni zako za ndani, inakaa tu kwenye meza ya kuhariri, ukichagua toni nyingine inaondoka. Sasa piga noti katikati ya kinanda. Ukisikia sauti laini, tupu, karibu na filimbi, haina ladha yoyote, mdogo wangu hapo piga vigelegele kabisa. Hiyo sauti mbaya isiyo na ladha inakuambia chipu zinahesabu, kibadilishi cha namba kuwa sauti kinafanya kazi, njia ya kutokea ni nzima, funguo zinasomwa, umeme wa ndani uko sawa. Vyote hivyo kwa noti moja. Na yule aliyekuambia bodi imekufa, mpigie hiyo noti aisikie.

Ukiwa bado hapo hapo bonyeza FUNCTION halafu namba 14, kioo kitakuonyesha volti za betri. Betri nzuri inasoma kwenye 3 hivi. Ikiwa imeshuka sana chini ya hapo ujue inaaga. Andika hiyo namba mahali.

Kama mjomba alikuachia na katriji, zile za plastiki zinazochomekwa juu upande wa kulia, itafute hata kama ni kwa kupekua kila boksi, maana kinanda kikiwa kipya kiliuzwa nazo na zenyewe hazitegemei betri ya ndani. Ichomeke, bonyeza kitufe cha CARTRIDGE pale kwenye MEMORY SELECT, chagua toni. Ikilia, mambo ya kanisani Jumapili yameisha, unaweza kupiga kutoka kwenye katriji hivyo hivyo wakati unatafuta betri. Meno ya katriji yakiwa meusi yasugue taratibu kwa kitambaa safi chenye spiriti, acha yakauke ndio urudishe.

Sasa betri. Hapa ndipo watu wanaharibu na hapa naomba unisikilize sana. Kabla ya kubadilisha, jiulize kama kuna toni yoyote humo bado ina jina la kueleweka, hasa toni ambazo mjomba alizitunga mwenyewe, kwa sababu betri ikishatolewa kila kilichomo kinaondoka na hakirudi. Mara nyingine takataka inakuwa imekula nafasi kadhaa tu na zingine bado nzima. Pitia zote 32, moja moja, usome majina. Ukikuta iliyo nzima, itoe kwanza nje kwa MIDI, yaani ile njia ya waya ambayo vinanda na kompyuta vinapelekeana data, uihifadhi kwenye kompyuta, nitakueleza njia hapo chini. Hizo toni za mjomba hakuna mtu mwingine duniani anazo, ukizipoteza zimepotea.

Betri yenyewe ni ya kawaida, CR2032, ile ile inayokaa kwenye bodi za kompyuta na rimoti za magari, Arusha na Moshi zinauzwa kila mahali. Tatizo ni kwamba ya kiwandani imelehemewa kwa vibati viwili. Usimruhusu mtu yeyote aweke pasi ya kulehemu moja kwa moja kwenye mgongo wa betri mpya, ikipata moto ule inaweza kupasuka, na hata isipopasuka inaharibika ndani inakufa mapema. Njia sahihi ni kununua kile kikombe cha kushikilia betri, kinalehemewa kwenye bodi pale pale palipokuwa na vibati, halafu betri unaiingiza kwa kidole. Kazi yenyewe ni ya dakika chache kwa fundi mwenye mkono mtulivu na pasi ndogo, na siku nyingine betri ikiisha utaibadilisha mwenyewe bila kumuita mtu. Angalia chanya na hasi kabla ya kulehemu, bodi imeandikwa, piga na picha kwa simu kabla hamjatoa ya zamani. Na kinanda kiwe kimechomolewa kabisa ukutani, sio kimezimwa tu kwa swichi, maana upande wa kuingilia umeme una volti 230 muda wote kama waya umechomekwa.

Ukishaweka betri mpya usishangae kuwasha na kukuta herufi za ajabu bado zipo. Watu wengi wanakata tamaa hapa, wanasema betri haikuwa tatizo. Betri mpya inashikilia tu, haileti toni, na DX7 ya kwanza haina kitufe cha kurudisha toni za kiwandani, lazima uziingize mwenyewe kutoka nje, kwa katriji au kwa MIDI.

Kwa MIDI unahitaji laptopu, kebo ya MIDI kwenda USB, na faili la toni. Mafaili ya toni za kiwandani za DX7 yapo mtandaoni bure kwa wingi, yanaishia na syx, na faili sahihi la toni 32 lina baiti 4104 kamili, ukikuta lina ukubwa mwingine ujue ni la kitu kingine au limekatika njiani. Kwenye Windows watu wanatumia MIDI-OX, kwenye Mac kuna SysEx Librarian, zote ni bure. Kebo ya MIDI OUT ya laptopu inaingia kwenye MIDI IN ya kinanda, wengi wanazigeuza. Halafu kwenye kinanda fanya mambo mawili ambayo bila hayo hakitapokea kitu hata ukeshe. La kwanza, bonyeza kile kitufe cha MEMORY PROTECT upande wa INTERNAL kisha NO, iwe OFF, maana kinanda kinalinda kumbukumbu yake kila kikiwashwa. La pili, FUNCTION, bonyeza namba 8 mara kadhaa mpaka uone maneno SYS INFO, ikisema UNAVAIL bonyeza YES iwe AVAIL. Kituo cha MIDI kiwe 1, hiyo nayo iko hapo hapo kwenye namba 8. Ndio utume faili. Ndani ya muda mfupi majina yatageuka, utaona BRASS na STRINGS na E.PIANO zimekaa kwenye nafasi zao, chagua moja upige.

Kebo za MIDI za bei rahisi sana, hizi za waya tu na kiboksi kidogo katikati, zingine zinapiga noti vizuri lakini zikitumwa faili kubwa kidogo zinapoteza data katikati, unapata toni nusu nzima nusu mbovu. Kwa hiyo ukituma mara ya kwanza na majina yakatokea bado yameharibika, kabla ya kulaumu kinanda punguza spidi ya kutuma kwenye programu au azima kebo nyingine nzuri ya mtu wa studio. Studio za kurekodi Arusha hazikosi, ukiwaeleza ni DX7 watakuja wenyewe kuiona.

Kwa kuzitoa toni za mjomba ni njia ile ile kwa kugeuza, MIDI OUT ya kinanda inaenda MIDI IN ya laptopu, kwenye namba 8 endelea kubonyeza mpaka kioo kikuulize MIDI TRANSMIT, programu iwe tayari inapokea, bonyeza YES. Hifadhi faili, lipeleke na kwenye barua pepe yako, usiliache kwenye flashi moja.

Haya, sasa tuseme umefanya VOICE INIT na hakuna kilicholia. Hapo na mimi nakubali kuna kitu cha umeme, lakini bado tuko mbali na kusema bodi imekufa.

Tafuta kinanda kingine chenye MIDI, hata hizi PSR za zamani, vile vinanda vya nyumbani vya Yamaha, zenye matundu mawili ya duara nyuma, toa MIDI OUT yake uingize kwenye MIDI IN ya DX7, piga kwenye PSR. DX7 ikilia basi sehemu ya sauti ni nzima na shida iko kwenye funguo, yaani zile bodi zinazosoma vidole au mkanda wake wa waya. Isipolia, shida iko mbele zaidi, na ndipo tunafungua.

Kufungua sio kazi ngumu ila uwe na sehemu pana na kibakuli cha skurubu. Chomoa ukutani, ukae dakika kadhaa, gusa chuma kabla hujagusa chipu, maana miezi ya ukavu na zulia vinakupa umeme wa mwilini unaoua chipu bila wewe kusikia kitu. Kifuniko ukikinyanyua nyanyua polepole, kuna mikanda ya waya inaunganisha vitufe vya juu na bodi za chini na ukivuta kwa haraka unachana. Huku kwetu kitu cha kwanza ninachokikuta ndani ni wadudu. Mende, sisimizi, na mkojo wa panya mara moja moja, na kwa kinanda kilichokaa stoo Moshi masika mazima ningeshangaa usipokuta kitu. Pangusa kwa brashi laini kavu, palipo na uchafu ulioganda tumia spiriti ya hospitali isiyo na maji mengi, usitumie maji, usitumie petroli, na sehemu yenye kutu ya kijani iguse kwa upole mpaka shaba ionekane.

Halafu chomoa na kuchomeka mikanda ya waya na plagi moja moja, kila moja mara mbili tatu. Usicheke kazi hii, miaka arobaini inaweka utando kwenye kila plagi na kule kuingia na kutoka kunausugua. Vinanda vingi vya zamani vinavyokuja kwangu vikiwa bubu vinapona hapa hapa, hata sijawasha mita.

Baada ya hapo ni mita, na kwa hatua hii kama hujawahi kupima kitu kilichowashwa muite mtu anayejua, fundi redio yeyote mzuri anaweza, sio lazima awe amewahi kuona DX7. Mwambie apime volti tatu zinazotoka kwenye bodi ya umeme, chanya 5, chanya 15 na hasi 15. Hii ndiyo sehemu ambayo inawapoteza mafundi wengi wanaozoea vinanda vya siku hizi. Kompyuta ya ndani inaishi kwa volti 5, kwa hiyo kioo kitawaka na namba nyekundu itawaka na kila kitu kitaonekana kizima, lakini sauti ikishatoka kwenye namba inapita kwenye vikuza sauti vidogo ambavyo vinahitaji 15 chanya na 15 hasi, moja ikikosekana sauti haitoki au inatoka imekatika katika kwa mbali. Mtu anaona kioo kinawaka anasema umeme upo, anaruka moja kwa moja kwenye chipu kubwa. Umeme upo wa kioo. Wa sauti je? Pima zote tatu. Kidhibiti cha volti kilichoungua ni cha bei ndogo na kinapatikana, na kapasita za kuchujia umeme zilizovimba kichwa au kutoka majimaji zibadilishwe zote kwa pamoja, za volti sawa au zaidi kidogo.

Volti zikiwa nzuri angalia jeki za kutokea sauti kwa nyuma, kwa tochi na kioo cha kukuzia. Hapa nataka uangalie kwa makini kweli. Jeki imelehemewa kwenye bodi kwa miguu yake, na kila mtu aliyejikwaa kwenye kebo kwenye jukwaa kwa miaka arobaini ameitikisa. Ukimulika kwa ubavu utaona kuzunguka mguu wa jeki kuna mstari mwembamba mweusi wa duara kwenye risasi ya kulehemu, mwembamba kuliko unywele. Hapo risasi imepasuka, mguu umesimama katikati haushiki. Ukibonyeza jeki kwa kidole kinanda kinalia, ukiachia kinanyamaza. Kulehemu upya na risasi mbichi kidogo, kazi imeisha. Usikubali mtu akupakie risasi tele mpaka ziungane.

Kama yote hayo yamepita na bado kimya, ndipo tunaongelea chipu. Vikuza sauti vidogo vinapatikana, fundi atavikuta Arusha au ataagiza Kariakoo, na wengine wanapanda basi la Namanga wanaenda Luthuli Avenue Nairobi kwa vitu vya elektroniki. Chipu mbili za Yamaha zenyewe zinazohesabu FM, ile YM21280 na YM21290, hizo hazikutengenezwa na mtu mwingine, na ya kubadilisha kwa kawaida inatoka kwenye DX7 nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti. Ndiyo maana kuna watu wanazitaka kwa spea. Lakini nikuambie ukweli, hizo chipu ni za mwisho kwenye orodha ya kulaumiwa, zinakufa mara chache sana ukilinganisha na betri, plagi, jeki na kapasita, na mtu anayeanza kwa kuzilaumu anaanza mwisho.

Jambo lingine ambalo hukuuliza ila nalisema kwa sababu ya wasomaji wengine wenye vinanda vilivyoletwa na wageni. Geuza kinanda usome kibati cha nyuma. DX7 ya Marekani imeandikwa 120, ya Japani imeandikwa 100, ukiichomeka ukutani kwetu inaungua, na kama ni bahati itaungua fyuzi peke yake. Hizo zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, ya kweli yenye uzito, sio adapta ya kubadilisha meno ya plagi. Ya kwako kwa sababu ilipigwa bendi hapa hapa miaka yote nadhani ni ya 220 au 240, ila soma. Na hata ikiwa ya 240, ichomeke kwenye stabilaiza, na umeme ukikatika ibada ikiendelea nenda uzime swichi ya kinanda kabla haujarudi, maana ule mshindo wa kurudi ndio unaoua vidhibiti.

Kuhusu kuuza, nimeshakujibu, lakini niongeze kitu. Bendi zetu za dansi zilizopigia vinanda hivi zilikuwa zinatunga toni zao wenyewe kwa vile vitufe vya utando, usiku, bila kitabu, na nyingi ya hizo toni hazikurekodiwa mahali popote zaidi ya kwenye kumbukumbu ya kinanda chenyewe. Kwa hiyo hata kama utakuja kukiuza siku moja, na ni haki yako, pitia kwanza zile nafasi 32 uone mjomba ameacha nini.

Na kama utaamua kukileta kwangu Arusha, kina kilo 14 na hakipendi kulaliwa. Usikubali kondakta akiweke kwenye buti chini ya mizigo, kilipie siti yake ukae nacho, funguo zielekee juu. Kabla hujafunga safari niandikie vitu viwili tu, FUNCTION namba 14 imesoma volti ngapi, na VOICE INIT imelia au haikulia, maana ikilia hiyo nauli kanunulie betri na kikombe chake hapo hapo Moshi.